Napima watu kila siku, gitaa sikulipima

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko barazani karibu na Makupa, Mombasa, na kwa miaka 19 nimezungusha tepu kwenye vifua, viuno na mikono ya watu wa kila namna. Mteja akiniambia “nishonee saizi ya kati” humcheka, kwa sababu watu wawili wa saizi ya kati wanaweza kupishana bega kwa inchi mbili. Nayasema haya mwanzo ili aibu yangu uielewe vizuri. Fundi huyo huyo alinunua gitaa kwa kuambiwa “hili saizi kamili, mama,” akatoa pesa, akaondoka nalo.

Nilikuwa na miaka 41. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akipiga gitaa kavu jioni nyumbani kwetu Kisauni, bila spika wala bendi, gumba likishika besi na kidole cha shahada kikiimba juu yake. Gitaa lake lilipotea tulipohama nyumba. Nilichotaka ni kupiga nyimbo zake mbili tatu kabla sijazisahau. Jukwaa sikulitamani.

Lile la kwanza nililipata mitumbani upande wa Mwembe Tayari kwa shilingi 6,500. Lilikuwa na nyuzi za nailoni na shingo pana. Kijana wa jirani aliyekubali kunifundisha alikuwa na gitaa la nyuzi za chuma, na sauti yake ilikuwa kali, inayokata, kama ile niliyoikumbuka. Langu likasikika kama limefunikwa shuka. Nikaenda nikanunua nyuzi za chuma kwa 1,200, nikazifunga mwenyewe usiku, nikafurahi kama mtoto wa Idi. Kijana sikumwambia. Nilitaka nimshangaze.

Siku ya tatu niliona nyuzi zimepaa mbali na shingo, hata kidole kikawa hakizifikishi chini bila maumivu. Siku ya tano, saa nane za usiku, nikasikia mlio kama dirisha limepigwa jiwe. Nilidhani ni mwizi. Nikatoka na mwiko mkononi, na kumbe ni daraja la gitaa, kile kipande cha mbao nyuzi zinapofungiwa huku chini, limeng'oka na kubeba vibanzi vya uso wa gitaa.

Sababu nilikuja kuijua baadaye. Nyuzi sita za nailoni zikiwa zimekazwa sawasawa zinavuta kwa pamoja kama kilo 40 hivi. Nyuzi za chuma za gitaa kavu mara nyingi zinapita kilo 70. Zile nyuzi sita nilizozifunga zilikuwa zikivuta zaidi ya mfuko wa saruji, mchana na usiku, kwenye mbao nyembamba isiyotengenezwa kwa mzigo huo. Shingo za magitaa mengi ya nailoni pia hazina kile chuma cha ndani kinachopambana na mvuto. Ukiona shingo pana, ubao wa juu ya shingo ulio bapa kabisa, na kichwa chenye matundu mawili marefu kama madirisha, hilo ni la nailoni. Usilivishe chuma.

Nikapelekwa kwa mzee mmoja Mji wa Kale anayetengeneza makabati na, akiletewa, udi, ile ala ya nyuzi ya taarabu. Akalipokea gitaa kwa mikono miwili kama mtoto mgonjwa.

“Nani alomfunga nyuzi hizi?”

“Ni mimi, mzee.”

“Basi wewe na yeye nyote mwahitaji pole.”

Akaligundisha daraja, akalibana kwa siku mbili, akanirudishia nailoni. Shilingi 3,000. Nilirudi kwa kijana wangu nikiwa nimeshapoteza karibu 11,000, na sijajua hata wimbo mmoja.

Kisha ikaja kodi ya F, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Kila anayejifunza gitaa anaijua. Ni kodi inayotozwa na vidole, wala si Serikali. Kidole cha shahada kinalala juu ya nyuzi zote sita kwenye freti ya kwanza, vile vijichuma vilivyokingama shingoni, na kuzibana kwa mpigo mmoja, huku vingine vitatu vikifanya kazi zao. Nilijaribu miezi sita. Uzi wa kwanza ukilia, wa tatu unanyamaza. Nikiukamata wa tatu, wa sita unavuma kama nzi chupani. Kiganja kiliuma mpaka nikashindwa kushika mkasi, na mkasi ndio chakula changu. Jamaa wakaniambia vidole vyangu vifupi. Mmoja akaniambia, kwa wema kabisa, gitaa ni la wanaume. Nikaanza kuwaamini wote, na hapo ndipo najilaumu zaidi kuliko pesa zote nilizopoteza. Mteja akija gauni limembana makwapa, humwambia kwapa lake lina makosa? Nalifumua gauni. Kwa gitaa nililaumu mwili wangu nusu mwaka mzima.

Nikafikiri dawa ni shingo nyembamba. Hapa ndipo kosa langu kubwa lilipo, nalo nalisimulia pole pole.

Nilisikia kuna mpigaji wa bendi ya hoteli huko Bamburi anauza gitaa la umeme. Nikalishika, mkono ukazunguka shingo kama unashika mwichi mdogo. Raha! Nikalipa 12,000 papo hapo. Nilipofika nyumbani kijana akalitazama kwa jicho moja kutoka mwisho wa shingo, kama seremala anavyotazama ubao, akaguna. Shingo ilikuwa imejisokota; upande wa uzi wa sita umeinuka kuliko wa uzi wa kwanza. Kupinda mbele au nyuma kunarekebishika kwa kukaza au kulegeza chuma cha ndani. Kujisokota hakurekebishiki hivyo. Sasa mimi huwa natazama shingo hivyo kabla sijauliza bei, na muuzaji akikasirika, na akasirike.

Gitaa la umeme la aina ile shingo yake hufungwa kwa skrubu nne, inatoka kama mkono wa koti. Nikaona nitanunua shingo nyingine. Nikapima pale inapoingia mwilini, upana wake milimita 56. Nikahesabu freti, 22. Nikatafuta kwenye intaneti shingo ya milimita 56 na freti 22, nikaagiza kutoka ng'ambo. Pamoja na usafiri na ushuru ikanitoka 9,800. Ilipofika iliingia kama ufunguo kwenye kitasa. Skrubu zikakaa. Nikapiga vigelegele.

Nyuzi zikiwa wazi, gitaa lilisikika safi. Nikibana freti ya pili, lina kasoro kidogo. Freti ya tano, kasoro imezidi. Freti ya 12, inayotakiwa kutoa sauti ile ile ya uzi mtupu ikiwa juu kwa oktava moja, ilitoa sauti iliyoshuka, chafu, kama mtu anayeimba taarabu akiwa na mafua. Nikazungusha vile vijiti vya kwenye daraja vinavyosogeza kila uzi mbele na nyuma mpaka vikafika mwisho wake. Haikusaidia.

Nikalibeba gitaa hadi Mji wa Kale. Mzee akaomba tepu yangu ya kazi, ile ya kitambaa ninayoivaa shingoni. Akailaza kando ya rula yake ya chuma. Kwenye sentimita 60 tepu yangu ilikuwa imepungukiwa karibu nusu sentimita, kwa maana imevutika kwa miaka.

“Mwanangu, tepu hii ishachoka. Wawapimia watu kwa hii?”

Nikanyamaza. Kuna harusi moja ya Tudor ambapo mikono ya mashati ilizidi yote sita, na siku ile niliilaumu familia. Tepu niliitupa kwenye pipa la mzee pale pale.

Akanionyesha kipimo ambacho sikujua kipo. Gitaa halipimwi kwa urefu wa mbao yake. Linapimwa kwa urefu wa uzi unaotetemeka, tangu kile kijifupa cheupe mwisho wa shingo, ambacho wapigaji wengi huita nati, mpaka pale uzi unapokanyaga daraja. Usiupime wote moja kwa moja, kwa sababu darajani nyuzi huongezwa milimita mbili tatu kufidia mvutano wa kidole kinapobana, na ndiyo maana mstari wa daraja mara nyingi huenda mshazari. Pima kutoka kwenye kijifupa hadi katikati ya chuma cha freti ya 12, kisha zidisha kwa mbili. Freti ya 12 ni nusu ya uzi. Ikitoka 324, gitaa ni la milimita 648, yaani inchi 25 na nusu. Hicho ni kipimo cha magitaa mengi ya kampuni ya Fender. Gibson nyingi ziko karibu 629. La nailoni la kawaida ni 650.

Mwili wa gitaa langu ulikuwa wa 648. Shingo niliyoinunua ilitoa 305 hadi freti ya 12. Ilikuwa shingo ya 610, imekatwa kwa ajili ya gitaa fupi. Kutoka freti ya 12 hadi darajani tukapata 316. Nusu mbili za uzi zinapishana milimita 11, na hakuna skrubu ya daraja inayoweza kusogea hivyo. Freti huwekwa kwa hesabu. Unagawa urefu wa uzi kwa 17.817, unapata umbali wa freti ya kwanza. Unachukua uliobaki, unagawa tena, na kuendelea. Kwa 648 freti ya kwanza inakaa milimita 36.4 kutoka kwenye kijifupa. Kwa 610 inakaa 34.2. Ukibadilisha urefu wa uzi, freti zote 22 zinakuwa mahali pasipo pake, na zinasema uongo kwa pamoja. Mzee akacheka akasema mpiga udi hana balaa hili: udi hauna freti, sikio ndilo linalojua pa kusimama. Huko Ulaya zamani waligawa kwa 18 badala ya 17.817, na Vincenzo Galilei, baba yake yule Galileo wa nyota, aliieleza hesabu hiyo katika karne ya 16. Mimi napenda kujua kwamba hata wakati huo watu walikuwa wakigombana na shingo.

Basi nikamuuliza lililoniuma zaidi. Je, la nailoni lilinishinda kwa sababu uzi wake ni mrefu?

Tukapima. Kwenye uzi wa 650, kutoka freti ya kwanza hadi ya nne, mahali vidole vinne vinapotandazwa, ni milimita 98 hivi. Kwenye uzi wa 629 ni 94 na nusu. Tofauti ni milimita tatu na kitu! Nilidhani ni vidole viwili vizima. Kwa mkono mdogo milimita tatu si bure, hasa jioni umechoka, lakini hazikutosha kueleza miezi sita ya maumivu. Kuna faida nyingine ya uzi mfupi inayosahauliwa: kwa nyuzi zile zile na sauti ile ile, unalegea. Toka 648 hadi 629 mvuto unapungua karibu asilimia 6, na kidole kinausikia.

Upana ndio uliokuwa na neno. Kijifupa cha la nailoni kilikuwa milimita 52. Cha la umeme kilikuwa 42. Hizo kumi zinaonekana ndogo kwenye rula, ila kidole cha shahada kikilazwa kwenye 52 ncha yangu inafika ukingoni tu, haibaki nguvu ya kubana. Kisha lile la 42 nalo lilikuwa na adha yake ambayo kwenye furaha ya siku ya kwanza sikuiona: nikipiga kwa mtindo wa baba, vidole vinagusana, nikibana uzi wa tatu nanyamazisha wa pili. Mkono mdogo haumaanishi shingo nyembamba kuliko zote. Mapigo ya vidole yanataka nafasi. Na ukipima usiishie kwenye upana wa kijifupa. Pima pia kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita, kwa sababu fundi mmoja huchonga vijinjia vya nyuzi karibu na ukingo na mwingine huvisogeza ndani.

Halafu mzee akafanya jambo lililonifanya nikae chini. Akachukua lile gitaa la nailoni, ambalo nilikuja nalo ili nimuuzie, akabana uzi kwenye freti ya tatu, akaniambia nichungulie pengo lililobaki kati ya uzi na freti ya kwanza.

“Waona nini?”

Niliona pengo la kuingiza shilingi.

“Hapo pangekuwa na nafasi ya unywele.”

Vijinjia vya kijifupa havikuchongwa vya kutosha kiwandani. Kwa miezi sita nilikuwa nikiubana uzi kutoka ghorofani. Akavichonga kwa tupa nyembamba, kidogo kidogo, akijaribu kila mara, maana ukizidisha uzi unavuma na inabidi kijifupa kipya. Akanitoza 800. Nikashika F pale kwenye stuli yake. Haikutoka safi, lakini ilitoka. Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi la mbao.

Kwa hivyo kama F inakushinda, kabla hujauza gitaa wala hujalaani vidole, bana freti ya tatu uchungulie ya kwanza. Njia nyingine ya kujijaribu: funga kapo, kile kibanio kinachobana nyuzi zote kwa pamoja, kwenye freti ya pili, upige F mbele yake. Ikiwa ghafla imekuwa rahisi, mkosi mkubwa uko kwenye kijifupa. Kapo hiyo kwenye uzi wa 650 inakupa pia uzi wa 579, kama magitaa ya watoto, kwa hiyo unapima mambo mawili kwa pamoja. Usilisahau hilo ukitoa hukumu.

Unene wa shingo nao hupimwa, kwa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, mwanzoni na karibu na freti ya 12. Mengi huanza milimita 20 hadi 22. Nilidhani nyembamba zaidi ni bora, lakini ile ya umeme ilikuwa nyembamba na gumba likakosa pa kuegemea, likakamaa. Hapa namba haitoshi, shika shingo dakika 20 dukani hata wakikununia.

Kuhusu mgongo wa ubao, sisi tunaokata sketi za duara tuna bahati. Ubao wa gitaa la nailoni ni bapa. Mengine yamepinda kidogo, na upindaji huo unatajwa kwa nusukipenyo cha duara ulikokatwa: Fender za zamani inchi 7.25, Gibson 12, Martin 16. Kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo ubao unavyokaribia ubapa, kama vile sketi ya kiuno kipana inavyokatwa kwenye duara kubwa. Ubao uliopinda unaufuata mpindo wa kidole kilicholala. Mimi nilihisi nafuu, kijana wangu anasema haoni tofauti.

Na hapa kwetu pwani lipo la unyevu. Mbao hunywa hewa ya bahari na kuvimba, nyuzi zinainuka msimu wa mvua, na za chuma zinashika kutu mapema. Mimi hubana uzi kwenye freti ya kwanza na ya 14 kwa pamoja, nikatazama pengo kwenye ya saba. Likiwa unene wa kadi ya jina, nanyamaza. Likizidi, chuma cha ndani cha shingo kinazungushwa robo tu, kisha kinaachwa hadi kesho. Nilizungusha nusu mara moja kwa pupa, sitasimulia.

Gitaa ninalopiga sasa ni la mtumba pia, mwili mdogo, nyuzi za chuma, uzi wa 632, kijifupa 44.5. Nilimpigia muuzaji simu nikamwomba anipimie kwenye kijifupa na kwenye freti ya 12 kwa rula ngumu, anitumie picha rula ikiwa juu yake. Alinicheka, akanitumia. 18,000. Yale makosa yangu yote, nikiyajumlisha na ile 800, yamekula 33,300. La nailoni sikuliuza, kwani baada ya kuchongwa limekuwa zuri la usiku.

Shingo ya 610 nimeitundika ukutani barazani, vibonge vya uzi wa cherehani vinaning'inia kwenye vichwa vyake. Juzi kijana mmoja aliyeleta suruali kupunguzwa aliiona, akataka kuinunua, ati ana gitaa shingo imevunjika. Nikamuuliza uzi wa gitaa lake una urefu gani. Akasema ni saizi kamili. Nikampa rula, nikamwambia akapime mwilini, toka pale shingo inapoishia hadi darajani, aje na namba. Suruali iko tayari tangu Jumanne, na rula yangu bado anayo.